Lukina Tupu Haifai

Kiangazi kikikaza huku Machakos, nyasi za Yatta na Masinga hukauka zote, na mti unaobaki kijani kwenye kingo za matuta ni lukina. Mimi na wewe tungeshawishika vilevile: tukate mzigo mzima, tumwagie ng'ombe, tumshukuru Mungu. Si mti mgeni kwetu. Miaka ya 1980 watafiti wa shirika la kilimo mseto, ICRAF, waliupanda kwa safu katikati ya mahindi kwenye kituo chao cha Machakos. Una protini nyingi, na mifugo huupenda.

Wafugaji wa Queensland, Australia, nao waliupenda. Lakini ng'ombe waliolishwa sana lukina walianza kunyonyoka nywele za mkia. Wengine walitokwa mate na kupunguza kula. Dalili kama hizo, ndugu mfugaji, ni rahisi mno kuzipuuza, maana kila moja ina kisingizio chake: nywele zikitoka tunasema ni kupe, mnyama akikonda tunasema ni minyoo. Tunanunua dawa, na jioni tunamrudishia lukina ileile. Wakati huo tezi ya shingoni inaendelea kuvimba.

Shida iko tumboni. Ng'ombe hana kimeng'enya chake cha kuvunja nyuzi za majani. Hutegemea vijidudu vya tumbo kuu, vyenye vimeng'enya vyao. Lukina ina sumu iitwayo mimosini. Ikifika tumboni hugeuzwa kuwa kemikali nyingine, DHP, inayoizuia ile tezi ya shingoni kufanya kazi. Kuivunja DHP kunahitaji bakteria maalumu, na ng'ombe wale hawakuwa nao. Mtafiti Raymond Jones alijiuliza mbona mbuzi wa Hawaii wanakula lukina bila kudhurika. Miaka ya 1980 bakteria wa mbuzi hao walipandikizwa kwa mifugo ya Australia, sumu ikadhibitiwa. Mwaka 1992 wakaitwa Synergistes jonesii, kwa heshima yake.

Kwa kumtazama tu, huwezi kujua kama ng'ombe wako anao bakteria hao. Basi lukina isizidi theluthi ya chakula chake; changanya na nepia au mabua ya mahindi, na uanze kidogo kidogo. Ukiona nywele za mkia zinang'oka, acha kumpa lukina siku hiyohiyo, kisha mwite daktari wa mifugo umwambie amekuwa akila nini.