Je, Fedha ya Mgeni Idaiwe Kodi?

Swali hili lilizaliwa chini ya mwembe, baada ya sala ya Dominika, hapa kwetu Salamabila. Watu wawili walikuwa wakibishana juu ya jirani mmoja aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huko kwao aliuza ng'ombe wake, akavuka na fedha, akaja kufungua duka dogo kati ya wachimbaji wa dhahabu. Njiani alisimamishwa mara nyingi, na kila mahali aliambiwa: "Toa kodi ya fedha uliyoleta." Safari ya pili akashona noti zake ndani ya godoro.

Mmoja akasema: "Hakukosa. Fedha ile ni jasho la mbali. Nchi yetu haikumsaidia kuipata, basi itamdaije?" Mwenzake akajibu: "Amekosa. Aingiaye nyumba ya watu hupiga hodi, na kodi ndiyo hodi ya nchi." Ndipo wakanigeukia: "Mwalimu, wewe umesoma seminari. Mtu huyu aungame au asiungame?"

Sikuweza kujibu papo hapo. Niliomba juma moja.

Katika Injili ya Mateo, sura ya 17, tunasoma kwamba watoza ushuru wa hekalu walimjia Petro kule Kafarnaumu. Kabla Petro hajafungua kinywa, Bwana wetu akamwuliza wafalme wa dunia huwatoza nani kodi, wana wao au wageni. Petro akajibu bila kusita: wageni. Bwana hapo alikuwa akifundisha juu ya Umwana wake, wala hakuweka sheria ya forodha. Lakini tazameni jinsi jibu la Petro lilivyokuwa jepesi. Kila mtu alijua desturi ile ya ulimwengu, kwamba mgeni ndiye wa kukamuliwa, kwa kuwa hana mjomba barazani wa kumtetea. Torati ilikuwa imeagiza kinyume chake, sheria iwe moja kwa mzaliwa na kwa mgeni akaaye kati yao.

Hata wazee wetu waliijua habari hii. Misafara ya pwani iliyokuja Ujiji na Manyema katika karne ya 19 ilipita Ugogo, nchi kavu, na huko watemi wa Wagogo waliidai hongo, yaani vitambaa na shanga. Wasafiri Wazungu, kama Burton na Stanley, wameandika kwa uchungu juu ya hongo hiyo. Mimi sioni kwamba watemi wote walikosa. Msafara wa mamia ya watu ukinywa kisima cha kijiji katika kiangazi, wenyeji watakunywa nini? Anywaye na atoe. Lakini palikuwapo pia waliodai kwa sababu moja tu, kwamba msafara umechoka na hauwezi kupigana. Neno lenyewe limetuhukumu: siku hizi mtu akisema hongo, hamaanishi tena haki ya mtemi, amaanisha rushwa.

Basi tofauti iko wapi? Mt. Tomaso wa Akwino, anapofundisha juu ya unyang'anyi, asema kwamba wakubwa wakidai kwa raia kile kilicho haki kwa ajili ya manufaa ya wote, hawanyang'anyi, hata wakitumia nguvu. Lakini wakichukua kwa nguvu isivyo haki, huo ni unyang'anyi kama wa majambazi, na wanapaswa kurudisha. Maneno hayo ni ya karne ya 13, nami nikiyasoma nawaona vijana wenye bunduki wakikaa penye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Hawatoi risiti. Hawatengenezi daraja. Wanachokitoza wanakiita kodi, lakini jina halibadilishi tendo.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza si gumu: aliyewaficha watu wa kamba mali yake hakutenda dhambi, kama vile si dhambi kufunga mlango usiku. Wala hata mkubwa wa haki hana sababu ya kukata kipande cha fedha kwa kuwa tu imevuka mpaka. Kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani ni jambo jingine, nchi nyingi huuliza hivyo ili kuzuia fedha ya uovu. Kuuliza si kutoza.

Lakini hoja ya yule wa kwanza, ya jasho la mbali, haifiki mwisho wa safari. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuuliza mgeni alikula wapi kabla ya kufika. Waliangalia analala wapi sasa, na maji anateka wapi. Fedha ilipatikana mbali, ndiyo, lakini mwenye fedha anapita katika njia yetu, na mtoto wake anasoma katika shule yetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 (namba 2241) yazitaka nchi zenye neema zimpokee mgeni kadiri ziwezavyo, kisha yamtaka mgeni naye atii sheria za nchi iliyompokea na asaidie kuibeba mizigo yake. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, tusiyatenganishe.

Sheria za dunia pia zina siku mbili na siku ya tatu. Tanzania, kwa sheria yake ya kodi ya mapato ya 2004, haimtozi mtu kwa mapato ya nje ikiwa tangu kuzaliwa kwake hajakaa huko zaidi ya miaka 2 kwa jumla. Akizidisha, mapato yake yahesabiwa kama ya jirani yake.

Uingereza ilishika njia nyingine kwa zaidi ya miaka 100. Mgeni tajiri aliyeishi huko, akisema kwamba makao yake ya kudumu yako katika nchi nyingine, aliweza kuchagua kulipa kodi ya mapato ya nje kwa kiasi kile tu alichokiingiza. Basi akaliacha gunia kubwa nje, akaingia na kikapu. Asiye na gunia la kuacha atafanya nini? Huleta yote, kwa maana ndiyo anayoila, naye hulipia yote. Kodi ya namna hii huwafundisha matajiri kutoleta mali katika nchi inayowalea. Waingereza wameifuta mwezi wa Aprili 2025. Sasa anayefika humwachia mapato yake ya nje miaka 4 ya kwanza, hata akiyaleta, kisha humtoza. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alikwisha andika mwaka 1961, katika barua Mater et Magistra, kwamba mizigo ya kodi ilingane na uwezo wa wenye kulipa.

Tusicheke Wazungu, maana gunia na kikapu viko hata hapa. Kampuni ya Banro ya Kanada ilileta fedha nyingi ili kuchimba dhahabu ya Namoya, mlango wa pili wetu. Mkataba wa 1997, uliofanywa na serikali ya Zaire, uliahidi msamaha wa kodi wa miaka 10 tangu kuanza uchimbaji. Uchimbaji wa biashara ulianza Januari 2016, na 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya vita. Sisemi kampuni iliiba, ruhusa ilitolewa na serikali yenyewe. Nasema tu kwamba mwenye mashine alipewa miaka 10 ya ugeni, na mwenye godoro hakupewa hata siku mbili. Sheria ya madini ya 2018 imeagiza kwamba katika kila franka 100 za mrabaha wa madini, 15 ziende kwa serikali ya mahali penye machimbo. Hilo ni jambo jema, nasi tunapaswa kuuliza kwa adabu, tena kila mwaka, zimefika wapi.

Dominika iliyofuata nikawaeleza wale wawili. Juu ya njiani, nikasema, jirani yetu hana la kuungama. Lakini yuko nasi mwaka wa nne sasa. Duka lake limekua, na ushuru wa soko, ule wenye risiti, hajaulipa bado, amezoea godoro. Huo ni mzigo alioacha wengine wamchukulie, nao wanaouchukua ni akina mama wauza mihogo. Aungame, kisha alipe.

Yule wa pili akafurahi sana kwa kuwa ameshinda. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza, akiegemea fimbo yake, akaniuliza: "Mwalimu, mwezi uliopita tulikutana juu ya kusafisha kisima. Nani alimwita mtu huyu?"

Hakuna aliyemwita. Tulikumbuka wote, tukanyamaza. Mzee akanyanyuka, akaenda dukani kumwambia kwamba mkutano mwingine ni Alhamisi, saa tatu ya asubuhi, naye aje na jembe lake.