Amana ya Kishikwambi

Kila chombo kinachotiwa mkononi mwa binadamu humwuliza swali kabla ya kumfanyia kazi. Jembe humwuliza mkulima: utalima nini, na chakula kitamfikia nani? Kalamu humwuliza mwandishi: utaandika kweli au uwongo? Kadhalika simu na kishikwambi, vyombo ambavyo siku hizi vimeingia katika elimu, humwuliza mwanafunzi swali, na swali lenyewe si jepesi. Watu wengi hubishana kama vyombo hivi ni vyema au viovu. Ubishi huo hauna mwisho, kwa kuwa chombo hakina dhamiri. Mwenye dhamiri ni yule akishikaye. Katika insha hii napenda tupime jambo hili kwa mizani nyingine. Nasema kwamba chombo cha kujifunzia ni amana, na kwamba kila aliyewekewa amana ana deni. Yafaa tujue deni hilo ni la nani, na jinsi lilipwavyo.

Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine kwa kuaminiwa. Mwenye kuipokea hana ruhusa ya kuiharibu, wala kuificha, wala kuigeuzia kusudi jingine. Huenda mwanafunzi akauliza: simu niliyonunuliwa na mzazi wangu imekuwaje amana? Imekuwa amana kwa sababu bei yake ni jasho ambalo hakulitoa yeye. Na kishikwambi cha shule je? Hicho kimenunuliwa kwa kodi ya watu wote, hata ya mchuuzi wa mboga ambaye hajapata kukigusa. Tena maarifa yanayopatikana ndani yake yamekusanywa na vizazi vingi vya watu waliokesha, wakajaribu, wakakosea, wakasahihisha. Anayefungua kioo hicho amefungua ghala ambalo hakulijaza.

Tutazame mfano wa mahali pamoja. Karagita ni mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, kwenye barabara inayolizunguka ziwa upande wa kusini. Wakazi wake wengi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, waliotoka pande nyingi za Kenya kutafuta riziki. Mama huamka alfajiri, akaingia katika mabanda makubwa ya plastiki, akashinda humo akikata na kupanga mawaridi. Mawaridi hayo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na mengi huuzwa katika mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kabla hayajanyauka. Si mbali na hapo, katika Olkaria, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Basi mtaa huu umezungukwa na maarifa ya kisasa kila upande. Walakini mtoto wa yule mama akitaka kusoma somo lililo katika intaneti, aghalabu hana budi kungoja jioni, kwa sababu simu ya nyumba ni moja, nayo imekwenda kazini pamoja na mwenyewe. Ikirudi, pengine chaji imekwisha, au kifurushi cha intaneti hakikununuliwa kwa kuwa unga ulitangulia. Na watoto wakiwa watatu, saa moja ya simu hugawanywa mafungu matatu. Waridi hufika Ulaya upesi. Somo huchelewa kufika katika chumba cha mama aliyelikata waridi hilo.

Tofauti hii ilionekana wazi katika Machi 2020, wakati maradhi ya korona yalipoingia Kenya na shule zote zikafungwa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeleka masomo kwa redio, televisheni na intaneti. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba mwaka huo. Wengine walingoja mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo mtoto mwenye kishikwambi chake aliendelea na masomo, na mtoto asiye nacho alingoja. Hawakutofautiana kwa akili wala kwa bidii. Walitofautiana kwa chombo. Hapo ndipo swali la chombo linapoacha kuwa swali la ufundi, likawa swali la haki.

Deni la kwanza, basi, ni la wakubwa: serikali, shule na sisi walimu. Mwaka 2013 wananchi wa Kenya waliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza angepata tarakilishi, na mwaka 2016 ahadi hiyo ilianza kutimizwa kwa vishikwambi. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, wala haifai kubezwa, maana shule nyingi zilipata umeme kwa sababu yake. Lakini mahali pengi vifaa vilitangulia na matayarisho yakabaki nyuma. Katika shule nyingine vilitumika vizuri. Katika nyingine vilifungiwa makabatini kwa kuogopa wezi, navyo vikazeeka bila kuguswa. Amana iliyofungiwa kabatini haikuibiwa, lakini haikutumika pia.

Kumbe njia ya kutumia chombo ina uzito kuliko wingi wake. Mwaka 2013 huko Kisumu zilijaribiwa njia tatu za kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Katika shule za kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Katika kundi la pili walimu walipewa vishikwambi. Katika kundi la tatu vishikwambi walipewa maafisa wanaozuru madarasa na kuwashauri walimu. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita wenzao waliobaki katika ufundishaji wa kawaida. Lakini njia ya kumpa kila mtoto kifaa, iliyogharimu fedha nyingi zaidi, haikuzaa matokeo makubwa kuliko ile ya kumpa afisa anayemsaidia mwalimu. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima tangu 2015, ulifuata njia hiyo ya maafisa. Huko Peru, katika Amerika ya Kusini, watoto waligawiwa tarakilishi ndogo zaidi ya 800,000. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 katika shule za mashambani haukuona kwamba waliozipata waliwazidi wenzao kwa hesabu wala kwa lugha. Tunajifunza kwamba chombo huzidisha kile kilichopo. Palipo na mwalimu hodari humwongezea nguvu. Pasipo na mafundisho hakiwezi kuyazaa.

Deni la pili ni la mwanafunzi kwa nafsi yake. Siku hizi ziko programu ambazo ukiipiga picha hesabu yako hukuletea jibu pamoja na hatua zake zote. Tangu mwisho wa 2022 zimetokea na nyingine zinazoweza kutunga insha nzima kwa kuamriwa maneno machache. Mwanafunzi aweza kunakili kazi hiyo kwa mwandiko mzuri, akapata alama nzuri, na akabaki mjinga vilevile. Mkono umefanya kazi, akili imelala. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Elimu iko mvunguni, na hapana chombo kiwezacho kuinama badala yako. Jibu hupokewa kwa dakika moja, lakini ufahamu hujengwa kwa kujikwaa, kurudi nyuma na kujaribu tena. Anayekwepa kujikwaa amekwepa kujifunza.

Je, hii ina maana kwamba programu hizo ni haramu kwa mwanafunzi? Sivyo. Iko namna ya uaminifu ya kuzitumia. Jaribu hesabu yako kwanza kwa kalamu na karatasi mpaka uifikie pale unaposhindwa kabisa. Kisha tazama hatua, utafute ile moja iliyokupotea. Halafu zima kioo, ufanye hesabu upya tangu mwanzo, peke yako. Mwisho mweleze mwenzako ulivyoifanya. Ukiweza kumweleza akaelewa, elimu hiyo imekuwa yako, na chombo kimekutumikia. Usipoweza, chombo ndicho kilichojua, nawe ulikuwa mchukuzi wake tu.

Anayedharau deni hili hakujidhulumu mwenyewe peke yake. Mwaka 2015 karatasi za mtihani wa kidato cha nne zilisambazwa kwa simu kabla ya wakati wake, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Simu zilezile zilizoweza kubeba masomo zilibeba udanganyifu. Waliodhulumiwa walikuwa wengi: mtahiniwa mwaminifu ambaye alama zake zilitiliwa shaka, mzazi aliyelipa karo kwa taabu, hata mgonjwa wa miaka ijayo ambaye angetibiwa na mtu aliyefaulu bila kujua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Deni la tatu ni la mwenye chombo kwa jirani yake asiye nacho. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna mtihani unaolipima. Mali nyingi hupungua zikigawanywa, lakini elimu haina tabia hiyo. Koroboi ikiwasha koroboi nyingine haipotezi mwanga wake. Mwanafunzi mwenye simu aweza kunakili somo katika daftari akampa mwenzake. Aweza kulipakua mara moja wakalisoma wanne chini ya mti. Aweza kulisoma kwa sauti. Hapungukiwi kitu, na pengine hufaidi zaidi, kwa kuwa anayefundisha hujifunza mara mbili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sisi walimu pia tumo katika deni hili. Mwalimu anayetoa kazi ya nyumbani isiyoweza kufanywa ila kwa simu, naye anajua kwamba nusu ya darasa lake hawana simu, amewaadhibu kwa kosa la umaskini, na umaskini si kosa. Yafaa atafute njia itakayomfikia kila mtoto: karatasi, ubao, maktaba, au saa za ziada ambazo vifaa vya shule hufunguliwa kwa wote.

Wako watu wenye busara wasemao kwamba dawa ni kupiga marufuku. Hoja yao ina nguvu. Shule nyingi za bweni nchini Kenya haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa kuogopa usingizi uliopotea, matusi, na picha za kuwaaibisha wenzao. Mwaka 2023 shirika la UNESCO lilionya katika ripoti yake kwamba teknolojia isitiwe madarasani bila ushahidi wa faida yake, na mwaka huohuo serikali ya Uswidi ilitoa fedha ili vitabu vya karatasi virudi katika shule zake. Nakubali kwamba kuna mahali na wakati wa kuzima simu. Lakini marufuku peke yake hailingani na haki. Likizo ikifika, mtoto wa tajiri hurudi nyumbani akakuta vyombo vitatu vikimngoja. Mtoto wa maskini hurudi akakuta kimoja, nacho kimekwenda shambani. Shule ikikataza simu bila kufungua maktaba na chumba cha tarakilishi, humnyima yule ambaye hana pengine pa kujifunzia. Anayefunga mlango mmoja na afungue mwingine.

Wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mnasoma insha hii katika karatasi, na baadhi katika kioo. Hilo si neno. Neno ni kwamba mmepewa. Wakubwa watadaiwa kama vyombo viliwafikia watoto wote au vilizeeka kabatini. Nanyi mtadaiwa kama mlivitumia kuamsha akili zenu au kuzilaza, na kama mwenzenu wa dawati moja alipata sehemu yake. Jipimeni kila jioni kwa maswali mawili: leo nimejua nini ambacho naweza kukieleza kioo kikiwa kimezimwa, na ni nani aliyejua jambo kwa sababu yangu? Mwenye majibu ya maswali hayo ameanza kulipa deni lake.