Simu na usukani: Tusimsingizie Mwenyezi Mungu

Kila inapotokea ajali barabarani, neno la kwanza kusikika miongoni mwetu Waislamu ni kwamba ilikwisha andikwa. Neno hilo ni la kweli. Imani ya mtu haitimii mpaka aamini Qadar, kheri yake na shari yake. Ninachokipinga ni neno hilo kutamkwa na dereva aliyekuwa na simu mkononi, akalifanya ndio utetezi wake.

Wakati fulani nilikuwa ndani ya basi kutoka Tanga kuja Dar es Salaam. Tulipoipita Segera dereva, Muislamu mwenzetu, alipokea simu akaongea kwa muda mrefu. Ilipoita tena, mzee aliyekaa kiti cha mbele akamwambia: "Mwanangu, iweke hiyo simu, umebeba roho za watu humu." Akajibiwa: "Mzee wangu, siku yako ikifika imefika tu, hata ukiwa kitandani." Abiria kadhaa wakacheka, na kondakta akamtaka mzee asimsumbue dereva.

Jibu la kijana yule linaaminiwa na wengi, basi tulipime kwa sheria yetu wenyewe. Surat Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa kukosea. Huyu hakukusudia kabisa. Je, ameambiwa aende zake kwa kuwa imeandikwa? La. Ametakiwa amwache huru mtumwa Muumini, na diya ifikishwe kwa jamaa wa marehemu ila wakisamehe. Asiyepata mtumwa, na leo hakuna wa kumpata, afunge miezi miwili mfululizo. Kama kudra ingekuwa udhuru, wa kwanza kunufaika nao angekuwa mtu huyu.

Tena angalia jambo ambalo halisemwi sana. Wafiwa wanaweza kusamehe diya, lakini kafara si mali yao, ni haki ya Mwenyezi Mungu. Na wanazuoni wengi wanasema kafara ni kwa kila roho. Dereva aliyesababisha vifo vya watu 10 ana miezi 20 ya kufunga, hata kama mahakama imemtoza faini akarudi kwenye usukani.

Atakayesema haya ni ya zama za ngamia, ajue kuwa mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiq-hi lililo chini ya OIC lilikutana Brunei na kulijadili suala hili hili la ajali za magari. Likaamua kuwa dereva anawajibika kwa madhara anayowafikishia watu, miili yao na mali zao, isipokuwa pale kosa lilipokuwa la mwingine, au liliposababishwa na nguvu asiyoweza kuizuia. Simu inayoita si nguvu ya namna hiyo. Ina kitufe cha kuizimia.

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akiinamia ujumbe kwa sekunde tano tu, amekwenda mita 110 bila kutazama mbele, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Na wanaojitetea kwamba wanatumia vya masikioni wasijipe moyo. Utafiti uliofanyika Toronto, Canada, na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta hatari ya kugonga inafika mara nne mtu anapoongea na simu, na kutoishika mkononi hakukuonekana kusaidia. Kilichotekwa ni akili.

Mfano wa vitabuni wa kuua kwa kukosea ni mwindaji aliyemlenga swala, mshale ukampata mtu. Mwindaji yule alikuwa anatazama anapopiga. Wa kwetu ameacha kutazama kwa hiari yake, na amekwisha onywa. Kulipa jina lake nawaachia masheikh, ila sioni vipi dhambi ya uzembe huo iwe sawa na kukosa shabaha.

Na sisi tunaowapigia je? Mtu anajua jamaa yake yuko barabarani, anapiga kuuliza umefika wapi, akishajibiwa anaendelea na habari za mahari na kodi ya nyumba.

Kafara ya aliyevunja saumu ya Ramadhani kwa tendo la ndoa tumefundishwa sana misikitini, nayo ni miezi miwili hiyo hiyo. Misiba ya barabarani nimehudhuria mingi. Dereva anayefunga kwa ajili yake sijapata kumsikia.