Sahani ya Mgeni

Swali ninalotaka kulizungumza hapa ni dogo, na huenda wengine wakaona halistahili kuandikiwa: je, ni vibaya kumpa mgeni chakula kile kile unachokula mwenyewe siku zote? Nalileta kwa sababu kaka yangu mkubwa aliondoka kwangu na njaa, na mpaka leo sina hakika kwamba kosa lilikuwa lake.

Ninaishi Njombe, mahali penye baridi, ambapo kabichi, karoti, njegere na viazi hustawi vizuri. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa ya asubuhi yana mnunuzi wake, ambaye hupita na baiskeli na madumu yake jua likiwa bado chini. Ya jioni hayana mnunuzi. Kwa miaka mingi tuliyanywa, tukawagawia majirani, na yaliyobaki yakaganda. Kisha mama mmoja jirani akanifundisha kutengeneza jibini. Wengi wetu neno hilo tulikutana nalo kwanza katika Biblia, pale Daudi anapotumwa na baba yake kumpelekea mkuu wa kikosi jibini kumi, miaka mingi kabla hatujaiona jibini yenyewe kwenye sahani.

Kazi ni nyepesi. Nabandika maziwa lita 5, nakoroga yasishike chini, nayaacha mpaka yaanze kuchemka. Hilo la moto halina mjadala, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na hata kifua kikuu. Naipua, nakamulia malimau matatu au manne, kidogo kidogo. (Malimau hatuoti nayo huku juu; hutoka mabondeni, na yakikosekana sokoni siki hufanya kazi ile ile.) Mara maziwa hukatika: mabonge meupe huku, maji ya rangi ya kijani-njano kule. Namimina yote katika kitambaa safi, natia chumvi, nafunga, naweka jiwe juu. Baada ya saa mbili au tatu nina kipande kigumu kisichofika kilo moja. Maji yake situpi, huyapikia ugali.

Jibini ya namna hii haiyeyuki kwenye kikaango, na huo ndio uzuri wake. Naikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nakaanga kwa mafuta ya alizeti mpaka viwe na rangi ya kahawia, naviweka kando. Katika mafuta yale yale natia vitunguu, karoti, nyanya mbili, halafu chainizi iliyochumwa muda ule ule, ambayo naifunika dakika chache tu. Sisi tuna ugonjwa wa kuipika mboga ya majani hadi iwe nyeusi, kana kwamba ilitukosea. Mwisho narudisha jibini, nasonga ugali, basi.

Hicho ndicho nilichompakulia kaka. Alikuwa amesafiri kwa basi kutwa nzima. Alinawa, akatazama bakuli, akatazama nje ambako kuku wangu walikuwa wakiparura, akaniuliza, "Mdogo wangu, na wale je?"

"Wale wa mayai, kaka. Hiki ndicho tunachokula hapa."

Akala matonge mawili, akasema amechoka. Asubuhi, akiwa tayari na mkoba wake mlangoni, alisema, "Ningekukuta huna, ningekula hata chumvi nikashukuru. Lakini unacho. Umenipa cha kila siku, kama mtu wa kila siku."

Sikumweleza sababu yangu. Nakueleza wewe, msomaji. Mwaka 2004 walikuja wageni wa upande wa mume wangu, watu wazima sita, na marehemu hakuwapo tena wa kushauriana naye. Niliogopa wasije wakasema kwamba tangu ndugu yao afe nyumba imekuwa kavu. Nikachukua fedha ya ada ya binti yangu, nikijiambia nitairudisha kabla shule hazijafunguliwa. Nikanunua nyama, mchele na kreti ya soda. Walikula, walinisifu, walikwenda zao. Fedha haikurudi kwa wakati, na binti alirudishwa nyumbani akakaa wiki tano. Alinisaidia kukamua na kukata majani, wala hakuniuliza kitu. Alijua fedha ilikokwenda. Nyama ile alikuwa ameipika yeye. Tangu hapo niliapa kwamba mgeni wa nyumba hii atakula kinacholiwa na nyumba hii.

Katika kiapo hicho nilijitafutia mawakili, na nikawapata mbali. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, alinunua bustani Athens, akaishi humo na rafiki zake kwa chakula cha mkate na maji. Lugha za Ulaya zimemgeuza kuwa baba wa walafi, jambo ambalo ni uonevu mtupu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumwandikia rafiki yake amletee chungu kidogo cha jibini, ili siku atakayotaka kufanya karamu aweze. Naye Seneca wa Roma, aliyeandika zaidi ya miaka 300 baadaye, anasema mgeni aliyefika katika bustani ile alipewa uji wa shayiri na maji kwa wingi, kisha mwenyeji akamuuliza kama hakupokewa vizuri. Nilivipenda visa hivi. Nilijiona nami nina bustani yangu, tena yangu ina chainizi.

Lakini maneno ya kaka hayakunitoka, na kila nilipovirudia visa vile viligeuka kunishtaki. Kwanza, aliyebisha mlango wa Epicurus alijua ni mlango wa nani. Alikwenda kujifunza. Kaka yangu hakuja kujifunza. Alikuja kumwona dada yake. Mimi nilimkalisha darasani bila kumwambia, nikampa mtihani wa somo nililolilipia mimi na binti yangu. Pili, na hili lilinichoma zaidi, Epicurus hakuifuta karamu. Aliifanya ndogo tu. Siku ya mkate ilikuwa siku ya mkate, na siku ya jibini ilikuwa siku nyingine. Alihitaji ile tofauti, ndiyo maana akaandika barua. Mimi niliifuta tofauti yenyewe, nikaiita unyofu.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumbani kwetu tulipokuwa watoto tuliujua ukweli wake kwa tumbo: nyama ilikuja na mgeni. Kaka aliusoma uso wa bakuli kwa lugha aliyofundishwa, ile ile niliyofundishwa mimi, na hakukosea kusoma. Angekuta umaskini angeuheshimu. Alikuta uamuzi.

Hata hivyo siwezi kuukana uamuzi wote. Mwaka 2004 mwenyeji hakupona. Mgeni aliyeshiba hakujua alichokula, na laiti angejua angekiacha. Hakuna shemeji hata mmoja kati ya wale ambaye angekubali ada ya mtoto iwekwe mbele yake kwenye sinia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaficha, na la pili, kwa kaka, lilikuwa hilo hilo. Mara zote mbili niliweka chakula mezani nikanyamaza.

Mwaka jana nilimpigia simu kaka nikamwomba aje. Kabla hajanawa nilimsimulia habari ya ada, tangu mwanzo hadi mwisho. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi siku zote hizo?" Sikuwa na jibu la swali hilo, wala sidhani alilitaka.

Nilikuwa nimechinja jogoo. Binti yangu, ambaye sasa ana mji wake na huwapa wageni mboga za majani bila kuomba radhi, aliposikia alicheka akasema nimesalimu amri. Huenda. Niliweka jogoo, na kando yake jibini na karoti. Kaka alimla jogoo vizuri sana, jibini akaionja tu. Asubuhi, mkoba ukiwa begani, aliniuliza kama kilichobaki kwenye kitambaa kinaweza kuvumilia safari. Nikakifunga.