Alipoguswa Mara ya Pili

Somo la juma hili ni Marko 8:22-26. Kipofu wa Bethsaida anashikwa mkono, anatolewa nje ya kijiji, anaguswa. Anapoulizwa anaona nini, anajibu kwamba watu wanaonekana kama miti, ila wanatembea. Yesu hamlaumu kwa imani haba. Anamgusa tena.

Nikilisoma nimewaza ndugu zetu wenye kipandauso cha kizunguzungu, hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi. Mtu anasimama kuimba Utukufu, nguzo za kanisa zinaanza kuzunguka, taa zinamchoma macho, ngoma za kwaya hazivumiliki. Hali hiyo yaweza kuisha kwa dakika tano au kushika siku tatu. Mara nyingine kichwa hakiumi kabisa, na hapo ndipo maneno yanapoanza: homa hana, presha iko sawa, basi ni pepo. Au amekunywa.

Pepo huyo mara nyingi tunamwita sisi wenyewe. Njaa na kukosa usingizi huamsha kipandauso, nasi tunampangia mgonjwa mfungo wa siku tatu na mkesha wa Ijumaa ili apone! Akianguka saa nane ya usiku tunazidisha sauti. Mgonjwa halazimiki kufunga. Kanisa halimdai hilo.

Kizunguzungu kikipita, woga unabaki. Mtu hageuzi shingo, anatembea akipapasa ukuta, sokoni haendi tena. Kumbe kutulia huko kunamkawiza kupona. Ubongo husimamisha mwili kwa habari za sikio la ndani, macho na nyayo, na usipopewa mwendo hausahihishi makosa yake. Huko Uingereza, miaka ya 1940, Cawthorne, daktari wa masikio, na mwenzake Cooksey waliwatungia mazoezi watu walioumia kichwa au sikio la ndani, badala ya kuwaacha kitandani.

Wengi tunamjua kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa ajili ya waliovunjika mguu. Mazoezi haya nayo ni kazi ya kine aliyeyasomea. Herufi moja inabandikwa ukutani, usawa wa macho. Mgonjwa anaikazia macho huku akigeuza kichwa kulia, kushoto, polepole, herufi isicheze. Kizunguzungu kidogo kinakuja, na kinatakiwa kije, maana ndicho kinachoufundisha ubongo. Anapumzika mpaka kitulie, anarudia. Akizoea akiwa ameketi, anafanya akisimama, halafu akitembea. Siku ya shambulio lenyewe anaacha. Mwenye kipandauso huanza na kidogo kuliko wengine, kwa kuwa ubongo wake huchokozeka upesi. Mazoezi hayafuti kipandauso. Dawa za daktari, chakula kwa saa yake na usingizi vinabaki palepale. Ni kazi ya majuma mengi, na juma la kwanza huwa linakatisha tamaa. Anayesema bado anaona miti ikitembea asihesabiwe kuwa hakuombewa vizuri.

Ila kizunguzungu cha ghafla pamoja na ulimi mzito, mkono kulegea, kuona viwili au sikio kuziba, hicho si cha kusubiri kine wala maombi ya jioni. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Viongozi wa jumuiya, Ijumaa hii, kabla ya wimbo wa kwanza wa mkesha, waulizeni wenye kizunguzungu kama wamekula bukari. Na ikifika saa tatu ya usiku, warudisheni nyumbani wakalale.