Saini ya daktari ni ushahidi



Ndugu zangu Waislamu, siku ya kufa haijui ila Allah (swt). Lakini huko Marekani sheria inataka daktari athibitishe kwa saini kwamba mgonjwa, maradhi yakienda mwendo wake wa kawaida, hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Pasina saini hiyo, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hailipii hospisi, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu anayekaribia mauti. Na kwa kuwa malipo ni ya kila siku, kampuni yenye wagonjwa wengi wanaokaa muda mrefu huvuna zaidi. Hapo Shetani hakosi mlango.

Je, mgonjwa akiishi miaka miwili, daktari yule ni mwongo?

Swali hilo lilizuka katika kesi ya kampuni ya AseraCare. Serikali ilimleta daktari wake, akapitia majalada, akasema wagonjwa wengi hawakustahiki. Septemba 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 ikaamua kuwa madaktari kutofautiana rai, peke yake, hakulifanyi dai kuwa la uongo. Lakini ikibainika kuwa daktari hakulitazama jalada, au hakuamini alichokithibitisha, mambo hubadilika. Mwaka 2020 Mahakama ya Mzunguko wa 3 ikapinga, ikasema rai ya daktari wa pili yaweza kuwa ushahidi wa uongo. Na sheria yenyewe, ya tangu 1863, hutoza mara tatu ya hasara.

Kwa sisi tunaosomesha fiqhi, mizani hii si ngeni. Mtume (saw) ametufundisha kuwa hakimu aliyejitahidi akakosea hakosi ujira. Na wanazuoni wakasema tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na asiyevuka mpaka, hadhamini madhara yatokeayo. Kwa hiyo, kinachosamehewa ni kosa la aliyejitahidi. Anayesaini rundo la fomu bila kusoma ili hesabu ya mwajiri itimie, huyo hakujitahidi. Ametoa ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa.

Watasema anayeibiwa ni serikali tu. Hasha! Mtu mzima akiingia hospisi, Medicare huacha kulipia tiba ya kuyaponya maradhi yake hayo. Saini ya uongo yaweza kumfungia mlango wa tiba aliyekuwa bado anaihitaji. Lakini tukimwadhibu daktari kwa kila aliyeishi zaidi ya alivyokadiria, ataogopa kusaini, na anayekufa kweli atabaki na maumivu yake. Ndiyo maana naona ile hukumu ya 2019 imekaribia zaidi uadilifu.

Nasi tusio madaktari tunasaini kila siku: risiti, ripoti, barua za udhamini. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, tujiulize: haya nimeyachunguza, na ninayaamini? Mahakama yaweza kushindwa kuijua nia. Allah hashindwi.