Pembe Ndogo Begani

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton aliingia Kaze, ambayo leo ni Tabora, Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi 4 kutoka pwani. Katika aliyoyaandika kuhusu Wanyamwezi yumo mtoto wa miaka 6 au 7 aliyebeba pembe ndogo ya ndovu begani. Burton alimtaja kwa dharau, akamlinganisha na kitoto cha mbwa wa kuwindia kinachozaliwa kikiijua kazi. Hapo alikosea, kwa sababu hakuna anayezaliwa mpagazi. Mzigo wa mtu mzima katika njia ile ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na ushei, na bega la kuufikisha Bagamoyo lilitengenezwa nyumbani, kidogo kidogo, na watu waliojua uzito unaomfaa mtoto na uzito utakaomvunja. Sisemi biashara ile ilikuwa njema. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, watoto wakiwamo. Nasema tu kwamba wazee wa Unyanyembe, nchi hiyo ya Tabora, walijua jambo ambalo sisi, wenye sera na mitaala, tunalisahau: anayetaka mtoto afike mbali hangoji mpaka siku ya safari ndipo amtwike.

Miaka 6 au 7 ndiyo umri wa kuanza darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Januari 2016 ada za shule za umma zikaondolewa. Ni hatua kubwa, na watoto waliofurika madarasani walithibitisha kwamba wengi walikuwa wamezuiwa na umaskini, wala si na wazazi wasioipenda shule. Lakini pamoja na wingi huo limekuja wazo linalonisumbua, kwamba kujifunza kunaanzia getini. Mzazi wa kijijini Uyui, mkoani Tabora, husema mtoto bado hajaanza kusoma, kwa hiyo hana la kumfundisha. Mzazi wa mjini mwenye uwezo hukimbilia shule itakayomjazia mwanawe wa miaka 3 daftari zima la herufi, ikiwezekana kwa Kiingereza. Wawili hawa huonekana kupingana, kumbe wanaamini kitu kimoja, kwamba elimu ni herufi. Mimi naamini herufi hujengwa juu ya maneno, na maneno hutoka kwa watu wanaomsemesha mtoto.

Mtazame mtoto anayejifunza kusoma. Anaunganisha ki na ko na mbe. Kama neno hilo ameshalisikia mara nyingi, masikio humalizia kazi ambayo macho yameianza, naye hutabasamu: amekipata kikombe. Kama hajawahi kulisikia, amepata sauti tatu tu, na atazikariri bila kujua amesoma nini. Kwa Tabora hili si jambo la kufikirika. Watoto wengi wa vijijini hukua na Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili hukutana nacho sawasawa wakiwa darasani. Wapo wanaotoa dawa nyepesi, kwamba wazazi waache kilugha na wazungumze Kiswahili tu nyumbani. Nia yao naielewa, ila matokeo yake siyataki. Mama asiye na Kiswahili cha kutosha akilazimika kukitumia atasema machache: njoo, kaa, nyamaza. Akiwa katika Kinyamwezi chake atasimulia, atauliza, atatania, ataeleza kwa nini mzinga wa nyuki umetundikwa mti huu na si ule. Mtoto anayeweza kufuata kisa tangu mwanzo hadi mwisho kwa lugha ya mama hana haja ya kufundishwa upya kisa ni nini. Anahitaji maneno mapya tu, na mengine wala si mageni. Munhu na banhu ni mtu na watu, datu ni tatu. Wapagazi wa Kinyamwezi walisaidia kukieneza Kiswahili bara, na lugha yao hawakuitupa njiani.

Watakuwapo wa kusema kwamba haya ni maneno ya mtu asiyejua msimu wa tumbaku Urambo na Kaliua. Saa za kukaa na mtoto zitoke wapi? Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kumhubiria mkulima. Ila mazungumzo ninayoyasema hayadai saa yake peke yake. Yanaingia ndani ya kazi: kuchambua maharage, kuhesabu mahindi ya kuchoma, kuuliza ndoo ipi imejaa zaidi, kwa nini embe hili limeiva upande mmoja. Mzazi asiyejua kusoma anayaweza yote hayo. Mpaka nauweka katika tumbaku yenyewe. Jani bichi lina nikotini inayopenya kwenye ngozi, na mtoto mdogo hana sababu ya kulishika, shambani wala kwenye bani la kukaushia. Kushirikishwa kazi za nyumbani ni jambo moja, kufanywa kibarua ni jingine. Ile pembe ndogo haiwi tena ya mtoto pale inapoanza kubebwa kwa faida ya mkubwa.

Hoja nyingine huegemea jina kubwa. Mwalimu Nyerere alizaliwa 1922 na hakuanza shule mpaka 1934, pale Mwisenge, Musoma; mwaka 1937 akawa Tabora, katika shule ya serikali iliyoanzishwa kwa ajili ya wana wa machifu. Kama aliyechelewa namna ile alifika alikofika, darasa la awali ni la nini? Lakini miaka ile ya kabla ya shule haikuwa mitupu. Alikua katika mji wa baba yake, Chifu Nyerere Burito, akichunga mifugo, katikati ya watu wazima na Kizanaki chao. Alichelewa shule, hakuchelewa kusemeshwa. Tena kwa kila mmoja aliyefika Tabora wapo wengi wa rika lake ambao hawakuliona darasa kamwe, nao hatuna jinsi ya kuwataja kwa majina.

Nyumba ikifanya yake, shule nayo ina deni. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza 2014 kwa fedha za Uingereza na kufika Tabora, ilijaribu jambo lililostahili kudumu. Watoto waliokosa elimu ya awali walikusanywa kijijini majuma kadhaa kabla ya darasa la kwanza, wakafundishwa kwa hadithi na michezo na wasaidizi waliotoka katika jamii yenyewe. Thamani yake, kwa maoni yangu, ilikuwa kwa msaidizi huyo, mtu wa hapohapo, anayejua mtoto ametoka nyumba ya nani. Mwalimu wa awali aliyezidiwa na wingi wa watoto hawezi kuwa mtu huyo peke yake. Anaweza hata hivyo kumwacha mtoto ajibu kwa Kinyamwezi, kisha ampe neno la Kiswahili, pasipo kumwaibisha mbele ya wenzake. Na kamati ya shule inaweza kumwalika bibi mwenye hadithi aketi na darasa la awali chini ya mwembe, asubuhi moja kila juma. Shule hufunguliwa Januari, wakati mashamba ya Tabora yanadai kila mkono, kwa hiyo mazungumzo na wazazi yasingoje siku ya kuandikisha. Waitwe mapema, kiangazi, mahindi yakiwa ghalani, na kabla ya kuulizwa kama mtoto anajua a, e, i, o, u, waulizwe ni hadithi gani anaweza kuisimulia.